Nani Alifunga Darasa la Fizikia?

Kwa kompyuta ya KUCCPS, A ya Fizikia ni pointi 12 na A ya CRE ni pointi 12. Haiulizi umeipataje. Fizikia ina karatasi tatu, na ya tatu inafanyiwa maabara: umewekewa waya, betri, ammita na voltimita, na saa inakimbia. CRE ina karatasi mbili, zote za kalamu na kumbukumbu. Sisemi CRE ni mchezo. Jaribu kumweleza nabii Amosi kwa msahihishaji aliyechoka. Ila mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili katika Kenya hii anajua ni ipi kati ya hizo mbili inayoweza kumpa A kwa bidii ya kawaida, na ni ipi inayoweza kumlaza macho miaka miwili kisha impe C.

Kwa hivyo kila mwaka, mahali fulani kati ya kidato cha pili na cha tatu, watoto wa miaka 15 na 16 wamekuwa wakifanya hesabu ambayo haimo kwenye silabasi: niache nini? Na mara nyingi hesabu hiyo hawaifanyi wao. Wanafanyiwa.

Nimeishi na swali moja kutoka enzi hizo. Kumshauri mtoto aache somo gumu ili gredi yake ipande, ni kumsaidia au ni kumwibia? Nalileta hapa kwa sababu najua wengi mnaosoma jarida hili mmepitia njia hiyo hiyo, na wengine ndio mnaopigiwa simu sasa na wadogo zenu: wewe ungechagua nini?

Mimi ni mtoto wa Ngao, kijiji cha Wapokomo ukingoni mwa mto Tana, upande wa Garsen. Nairobi nikijitambulisha hivyo, watu huniuliza kuhusu mafuriko, au machafuko ya 2012, au mamba. Shule hakuna anayeuliza. Na ilhali Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika Ngao mwaka 1887, miaka 12 kabla reli haijafika Nairobi. Daftari na kalamu si wageni kwetu. Hata wimbo wa taifa unaousimamia pale paredi umetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Sekondari niliyosoma, ambayo sitaitaja, ilikuwa na Fizikia mpaka mwisho wa kidato cha pili. Tulikuwa 18 tulioliandika kwenye karatasi ya kuchagua masomo. Tulipofungua muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, ratiba iliyobandikwa ukutani haikuwa na Fizikia. Mwalimu aliyekuwa akitufundisha alikuwa amepata uhamisho, voltimita zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa mbili, na matokeo ya somo hilo mwaka uliotangulia, kwa maneno ya naibu mwalimu mkuu, "yalitushusha". Tukagawanywa: hawa Biashara, hawa CRE, hawa Kilimo. Hakuna aliyeitwa ofisini kuelezwa ni kozi zipi alikuwa ameshazikosa asubuhi hiyo. Sidhani mtu yeyote aliona kuna la kueleza.

Nilikuwa nataka uhandisi wa maji. Mtu aliyekulia kando ya Tana, mto unaokunywesha mwezi huu na kukufukuza nyumbani mwezi ujao, haulizwi kwa nini.

Ngoja tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu mjadala huu unakuwa wa hisia tupu. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla inatokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja uliyoifanya vizuri zaidi, na mengine matano yaliyokubeba. Juu kabisa ni pointi 84. C+ inaanzia pointi 46 na kuishia 52. Kuanzia 53 umeingia B-. Sasa mchukue msichana wa kawaida, mwenye bidii lakini si wa magazetini. Hisabati amepata 7, Kiswahili 9, Kiingereza 7, Kemia 7, Biolojia 7, Jiografia 8. Jumla 45. Somo lake la saba likiwa Fizikia na akapata C+, anamaliza na 52, yaani C+. Likiwa CRE na akapata A-, anamaliza na 56, yaani B-. Msichana ni yule yule, kichwa ni kile kile, na shule imepata B- ya kuandika kwenye bango la getini. Ndiyo, serikali ilisimamisha kupanga shule kwa nafasi mwaka 2014. Shule zinajipanga zenyewe, na mabango ya matokeo wewe mwenyewe umeyaona.

Halafu kuna klasta. Kila kozi ya chuo ina masomo yake manne inayoyapima, jumla pointi 48. Unachukua pointi zako za hayo manne ukizigawanya kwa 48, unachukua jumla yako ya masomo saba ukiigawanya kwa 84, unazidisha, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unazidisha kwa 48. Msichana wetu wa CRE, akiomba kozi inayopima Kiswahili, CRE, Jiografia na Hisabati, anapata kama 33.5. Yule wa Fizikia, akiomba uhandisi kwa Hisabati, Fizikia, Kemia na Jiografia, anapata kama 29.4. Pointi nne ni mbali sana kwenye klasta. Kuna watu wanakosa kozi kwa desimali.

Na yule wa CRE akiomba uhandisi? Hapati 20, wala 10. Hahesabiwi kabisa.

Hapo ndipo utaona mfumo wetu ulivyo. Kenya hatulipi ugumu wa somo. Hakuna pointi ya ziada ya jasho. Fizikia inakupa ruhusa ya kusimama kwenye foleni fulani, basi, na kwenye foleni hiyo utawakuta waliofundishwa na walimu watatu wa Fizikia katika maabara yenye gesi. Usipoichukua, foleni hiyo haikuhusu, hata ukiwa na A katika kila kitu kingine ulichofanya.

Sasa nimtetee mwalimu, kwa sababu kumlaumu ni rahisi mno na wanaomlaumu mara nyingi hawajawahi kusimama mbele ya darasa lake. Mwaka 2024 watahiniwa zaidi ya 960,000 walifanya KCSE. Waliopata C+ kwenda juu, yaani waliofika kima cha chini cha digrii, walikuwa 246,391. Karibu robo. Mwalimu wa Tana Delta anajua darasa lake limekaa upande gani wa hiyo robo. Anajua kwamba muhula ukikutana na mafuriko, kama ya mwisho wa 2023 au yale ya Aprili na Mei 2024 yaliyofanya shule nchi nzima zichelewe kufunguliwa kwa wiki mbili, baadhi ya wanafunzi wake watakuwa wanasomea kwenye mahema, na kwamba Kemia na Fizikia hazisomeki kwenye hema. Ana mtoto mwenye pointi 39 katika masomo sita. Akimpeleka CRE na mtoto apate B-, anafika 47 na anaenda chuo. Akimwacha na Fizikia na apate D, anaishia 42, gredi C, na digrii imempita. Mwalimu huyo akimwambia mtoto, "Mwanangu, achana na Fizikia," anazungumza kama mtu anayejua kina cha mto na kumwona mtoto hajui kuogelea.

Hoja hiyo nimeipinga kichwani miaka mingi na bado ina nguvu. Kitu kinachonisumbua ni kwamba hatari ni ya mtoto na uamuzi ni wa mwingine. Mwalimu akikosea, mwezi ujao ana mshahara. Naibu mkuu akikosea, wastani wa shule umepanda hata hivyo. Anayelipa ni yule ambaye hakuulizwa. Kant, yule mzee wa Königsberg, alishasema usimtumie mtu kama chombo tu cha kufikia lengo lako, lakini huhitaji Kant kwa hili. Muulize mchezaji yeyote aliyewahi kuwekwa benchi ili timu ilinde sare.

Na tuwe wakweli, tangu 2023 hoja ya mwalimu imepungua uzito. Kanuni mpya inabeba matano bora baada ya Hisabati na lugha. Mtoto anayefanya masomo manane anaweza kufanya Fizikia na CRE zote. Fizikia ikimwangusha, inadondoka tu kwenye jumla, wala wastani wa shule haiugusi. Yule msichana wetu angebaki na 56 zake, na kwenye klasta ya uhandisi angepanda kutoka 29.4 hadi 30.5 hivi. Kanuni imefungua njia. Kinachoiziba ni ratiba: katika shule ndogo, Fizikia na CRE zinawekwa saa moja, vyumba viwili tofauti, na unaingia kimoja. Ni karatasi ya ukutani ndiyo inayoamua, na karatasi hiyo imeandikwa na mtu.

Kuna historia hapa ambayo inanifanya nisikilize kwa makini kila mtu anaposema "masomo yanayowafaa watoto wa huku". Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikichunguza elimu ya Waafrika. Mwenyekiti alikuwa Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwemo James Aggrey wa Gold Coast, Mwafrika aliyependwa kila alikokwenda. Ripoti ilitoka mwaka 1925. Ushauri wake kwa ufupi: elimu ya Mwafrika iendane na mazingira yake, yaani kilimo, ufundi wa mikono, usafi, maisha ya kijijini. Ukiisoma leo haina matusi. Ina huruma, hata. Waandishi wake waliona elimu ya vitabu vitupu inazalisha makarani wasio na kazi, na walikuwa na ushahidi wa kutosha. Lakini W. E. B. Du Bois aliipinga siasa hiyo ya Jones waziwazi, na wazazi wengi wa Kenya waliipinga kwa vitendo: walijenga shule zao wenyewe, Wakikuyu hasa, wakidai watoto wafundishwe Kiingereza na masomo yale yale ya mtihani. Kwao mambo yalikuwa wazi: elimu iliyopunguzwa kwa ajili yako haikufikishi kwenye ofisi ya aliyeipunguza.

Sidai kwamba naibu mkuu wetu alikuwa mkoloni. Alikuwa mtu wa kwetu, mchapakazi, na alitulipia nauli ya michezo kutoka mfukoni mwake. Lakini huruma inayopunguza na dharau inayopunguza, ukiwa wewe ndiye unayepunguziwa, utazitofautishaje? Zote mbili zinakuacha bila Fizikia.

Wengine watasema dawa ni kuuhesabu ugumu. Mtu aliyechukua masomo mazito aongezewe. Marekani wanafanya kitu cha namna hiyo: shule za sekondari huko zina madarasa ya kiwango cha chuo yanayoitwa AP, mtihani wake unasahihishwa kwa alama 1 mpaka 5, na vyuo vikubwa vinatazama kama uliyachukua au ulijificha kwenye rahisi. Hata hapa Pwani, Aga Khan Academy ya Mombasa inafundisha IB, ambapo mwanafunzi anachagua masomo matatu au zaidi ya kiwango cha juu na mengine ya kiwango cha kawaida, na vyuo vya nje vinajua tofauti yake. Kutoka Ngao hadi geti la shule hiyo ni safari ya basi ya nusu siku. Mengine ya umbali huo siyataji.

Nikiwa mdogo ningeshangilia wazo hili. Leo naliogopa. Ukiupa ugumu pointi za ziada, wa kwanza kuzipata ni yule ambaye ugumu huo unafundishwa shuleni kwake. Wa Ngao aliyefungiwa darasa atapoteza mara mbili: kwanza Fizikia, halafu na ile ziada ya Fizikia. Wamarekani wanajua tatizo hili, ndiyo maana ofisi zao za udahili hupokea maelezo ya shule pamoja na faili lako, ili mtu asome na kuona: mtoto huyu alichukua magumu yote yaliyokuwepo kwao, ijapokuwa yalikuwepo mawili. Unapimwa kwa ulichopewa. Ni wazo zuri kabisa, na wasee wa Tana River wangenufaika nalo.

Isipokuwa wazo hilo linahitaji mtu wa kusoma. Jicho la binadamu. Na hapa Kenya tunajua jicho la binadamu linatazama nini kwanza: jina la ukoo, na nani amepiga simu. Nikiwaza hivyo naanza kuiheshimu ile kompyuta isiyouliza umeipataje. Haijui Ngao iko wapi, ni kweli. Lakini pia haimjui mjomba wa mtu yeyote. Mtoto wa mvuvi wa kambare na mtoto wa waziri wakiwa na 41.3 kila mmoja, wana 41.3. Katika nchi ambayo hata nafasi ya kibarua unaambiwa "leta mtu wako", upofu wa namna hiyo si kitu kidogo, na anayetaka kuuondoa atuambie kwanza atauziba vipi mlango wa simu.

Kwa hiyo sitaki mashine ibadilishwe. Nataka kilicho kabla ya mashine kibadilike, yaani lile saa moja la asubuhi ratiba inapobandikwa.

Hebu tupinge upande wa pili pia. Nani alisema chuo ndicho kipimo? Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba shule za msingi za Tanzania zilikuwa zinawaandaa wachache watakaoendelea huku zikiwasahau wengi watakaobaki, akataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe. Ni hoja ambayo huwezi kuikwepa ukiwa na zile takwimu za robo mkononi. Jambo la ajabu ni kwamba Tanzania hiyo hiyo leo inachuja mapema kuliko sisi: mwanafunzi anaweza kuacha Fizikia na Kemia akiingia kidato cha tatu, na kufika kidato cha tano anapangwa kwenye tahasusi, PCM au HGL au nyingine, na kuanzia hapo masomo matatu ndiyo yanayosema atasomea nini chuoni. Mjadala wa kwamba Hisabati ya Juu inatisha na ile ya msingi inatosha wanao pia.

Mwenzangu mmoja kati ya wale 18 alihamishwa na baba yake mdogo akapelekwa shule nyingine, Malindi, kwa ajili ya Fizikia peke yake. Alipata C ya somo hilo na C ya jumla. Mimi nilipata B- na nikaenda chuo kikuu, kozi ambayo sikuwahi kuiota wala kuichukia. Yeye alikwenda taasisi ya ufundi akachukua diploma ya umeme. Leo anafunga na kutengeneza pampu za sola kwenye mashamba ya maembe na mpunga kando ya mto. Mimi naandika ripoti kuhusu pampu hizo nikiwa ofisini Nairobi. Ukitupanga kwa gredi, nilimshinda kwa mbali. Mama yangu hutupanga hivyo mpaka leo. Yule jamaa mwenyewe hunicheka, anasema mimi ni mhandisi wa aya.

Sitaki mtu aichukue hadithi hiyo kama ushahidi kwamba mambo huwa yanajipanga. Kati ya wale 16 wengine, wapo ambao kufungwa kwa darasa kuliwaokoa, na nawajua. Mmoja ni mwalimu wa CRE hodari kuliko wote niliowahi kuona. Na yupo msichana aliyekuwa wa kwanza wetu katika Hesabu, aliyekuwa akimsahihisha mwalimu ubaoni kwa heshima, "Samahani mwalimu, hapo si hasi?", ambaye baada ya ile ratiba alipunguza kuja shule, kisha akaacha kabisa. Labda angeacha hata hivyo. Kwao kulikuwa na shida nyingine. Lakini nikimkumbuka, hoja ya kwamba uamuzi ule ulipandisha wastani wa shule inanikwama kooni.

Sasa mfumo wenyewe unabadilika. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi walifanya KJSEA mwishoni mwa 2025, na Januari 2026 ni zamu yao kuingia Gredi ya 10. Huko hakuna tena kungoja mwisho wa kidato cha pili. Unachagua mkondo kabla hujaingia: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Serikali imesema inataka asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM. Na Hisabati, baada ya kelele nyingi, Aprili 2025 Waziri Julius Ogamba alitangaza kwamba itabaki ya lazima kwa wote, ila kwa sura mbili: ile nzito kwa walio STEM, na nyepesi, ya matumizi ya kila siku, kwa mikondo mingine miwili.

Kuna uzuri wake. Angalau sasa imeandikwa. Hakuna naibu mkuu wa kufuta somo ukiwa likizo na kukwambia ndiyo hivyo. Mkondo una jina, na mzazi anaweza kuuliza kwa jina. Lakini mlango unafungwa mtoto akiwa na miaka 14 au 15, na ile Hisabati nyepesi, manze, ndiyo inanitia wasiwasi kuliko yote. Itachukuliwa na nani? Na watoto waliochagua wakijua, au na shule zisizo na mwalimu wa ile nzito? Kwenye karatasi hao wote wataonekana wamechagua. Miaka mitatu baadaye watafika mbele ya kompyuta ile ile, nayo haitauliza.

Mtoto wa dada yangu ni mmoja wa hao wa kwanza. Alinipigia simu kutoka Ngao wakati wa kujaza mikondo. "Mjomba," akaniambia, "nikichukua STEM nikaanguka, si nitakuwa nimejiharibia?" Nilitamani kumpa jibu la ushujaa, chukua, usiogope, wewe ni jembe. Nikajizuia, kwa sababu mimi ndiye niliye na mshahara mwezi ujao. Nikamwambia hesabu zote, kama nilivyokuandikia hapa, pamoja na zile zinazotisha. Nikamwambia kozi gani zinafungwa akichagua hivi na zipi akichagua vile. Nikamwambia kwamba akianguka Fizikia haitakuwa aibu ya ukoo, na kwamba akiacha vilevile haitakuwa. Akanyamaza sana mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea: kama shule atakayopangiwa itakuwa na mwalimu wa Fizikia mwaka mzima, au mpaka apate uhamisho.

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia hilo ndilo swali la kuuliza siku ya kwanza, mbele ya mzazi, kabla hajalipa karo, na aulize pia ni voltimita ngapi zinazofanya kazi. Mama yake alikuwa anasikiliza kwa spika. Akaingilia kati akasema watoto wa siku hizi wanataka kukagua shule kama wao ndio wakaguzi wa wizara.

Nikamwambia dada, mwache akague.